Shokapu za mbele bado zinazama baada ya kuweka oili nzito. Nibadilishe springi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina pikipiki ya barabarani ya cc 150 yenye shokapu za mbele za kawaida, mwendo wake wa juu hadi chini ni milimita 120. Mimi nina kilo 95 na mara nyingi nabeba abiria. Nikishika breki ya mbele, pua inazama karibu yote, na shimo la kawaida tu linagonga chuma kwa chuma. Nilishauriwa nimwage oili ya 10W niweke 20W. Sasa kwenye vituta vidogo usukani unanipiga mikono, na breki ndefu bado inazamisha pua, ila inazama polepole. Nimepima: nikikaa peke yangu shokapu zinashuka milimita 52. Wengine wananiambia ninunue springi ngumu. Je, ni kweli? Niweke oili gani na kiasi gani? Na naweza kubadilisha springi ya mguu mmoja tu?

JIBU: Habari ni njema, ndugu yangu. Umejijibu nusu mwenyewe pale uliposema "inazama polepole". Oili haibebi uzito. Anayekubeba wewe na pikipiki yako ni springi, ikisaidiwa kidogo na hewa iliyofungiwa juu ya oili. Kazi ya oili ni kuzuia kasi. Ndani ya kila mguu wa shokapu kuna fimbo yenye matundu, na kila shokapu inaposhuka au kupanda, oili hulazimika kupenya kwenye matundu yale. Shokapu ikitulia, hakuna oili inayopita na hakuna inachozuia. Kwa hiyo breki ya ghafla, ya sekunde moja, utaona nafuu ya oili nzito. Ukiishikilia breki mpaka usimame, springi inafika palepale ilipokuwa inafika zamani.

Mikono inayopigwa nayo ina sababu yake. Matundu ya aina hii yana tabia mbaya: kasi ikizidi mara mbili, ukinzani unazidi karibu mara nne. Gurudumu linalogonga ukingo mkali hupanda kwa kasi kubwa mno, oili nzito haiwahi kupita, shokapu inakuwa kama fimbo, na pigo lote linapanda kwenye usukani. Kwa maneno mengine umelipia ugumu pale usipouhitaji, na pale ulipouhitaji hukuupata.

Kwa hiyo ndiyo, walioshauri springi wako sahihi. Lakini usinunue "springi ngumu" kwa jina tu, nunua namba. Ugumu wa springi hutajwa kwa kilo kwa milimita, au kwa nyutoni kwa milimita (kilo 1 kwa milimita ni nyutoni 9.81 kwa milimita). Springi ya 0.60 maana yake kila milimita unayoibana inadai gramu 600 zaidi. Miguu ni miwili, kwa hiyo springi mbili za 0.60 zinafanya kazi kama moja ya 1.20.

Tufanye hesabu kwa namba yako. Kwa pikipiki ya barabarani, dereva akiwa amekaa, shokapu za mbele zinatakiwa kudidimia takriban robo hadi theluthi ya mwendo wake. Kwa mwendo wa milimita 120 hiyo ni milimita 30 hadi 40. Wewe umepata 52, yaani unaanza safari ukiwa umeshatumia zaidi ya asilimia 40, na kilichobaki ndicho kinachogombaniwa na breki na mashimo. Tuchukulie springi ulizonazo ni za 0.60 na kifuniko cha juu cha mguu kikifungwa zinabanwa milimita 15 kabla ya kubeba chochote (huo ndio mbano wa awali). Ukikaa zimebanwa jumla 67, mara 1.20, ni kilo 80 hivi. Huo ndio mzigo wa mbele. Nimepuuza mlalo wa shokapu, msuguano na hewa, maana kwa kuchagua springi havibadilishi uamuzi. Sasa mzigo uleule wa kilo 80 ukiuweka juu ya springi mbili za 0.75, ambazo jumla yake ni 1.50, zinabanwa milimita 53. Toa zile 15, unadidimia 38. Hapo ndipo pa kuanzia. Namba halisi za springi zako zipime au ziulizie kwa muuzaji kabla ya kurudia hesabu.

Najua kuna mtu atakuambia usinunue chochote, kata kipande kirefu zaidi cha bomba uweke juu ya springi ile ile ibanwe zaidi. Inawezekana kabisa kupata milimita 38 kwa njia hiyo: utahitaji mbano wa awali wa milimita 29 badala ya 15. Lakini angalia chini kabisa ya mwendo. Springi ya zamani yenye mbano wa 29, ikifika mwisho, inasukuma kwa kilo 179. Springi ya 0.75 yenye mbano wa 15 inasukuma kwa kilo 202. Mbano wa awali unainua pikipiki, hauifanyi springi kuwa ngumu. Utakuwa na pua iliyosimama vizuri ukiwa umeegesha, na bado utagonga chini kwenye shimo.

Kuhusu abiria usihangaike sana. Uzito wake karibu wote unakwenda nyuma. Chagua springi za mbele kwa uzito wako mwenyewe, na ukibeba mtu ongeza mbano wa shokapu za nyuma. Usipofanya hivyo nyuma itakaa chini, mbele itakuwa imenyanyuka kwa sababu ya springi mpya, na usukani utakuwa mzito kuingia kona.

Kabla ya kununua, hakikisha ile 52 ni ya kweli, kwa sababu msuguano wa sili unadanganya. Nyanyua pikipiki mpaka gurudumu la mbele liwe hewani, pima urefu wa kromu inayoonekana kutoka kwenye sili ya vumbi hadi kwenye kishikio cha chini, yaani cha chini kati ya viwili vinavyobana bomba la kromu chini ya usukani. Shusha, kaa kama unavyokaa barabarani, miguu yako ikiwa juu ya pikipiki, mtu mmoja akishika pikipiki kwa nyuma. Wa pili akandamize mbele kisha aiachie ipande taratibu yenyewe, apime. Halafu ainyanyue kidogo, aiachie ishuke taratibu, apime tena. Ukweli uko katikati ya vipimo hivyo viwili; kitoe kwenye kipimo cha kwanza upate unavyodidimia. Vikitofautiana sana, tafuta ekseli iliyofungwa vibaya, bomba lililopinda au bushi zilizokwisha kabla ya kulaumu springi.

Sasa oili. Rudi kwenye 10W ya kiwandani. Springi mpya zikikurusha juu baada ya tuta, panda hadi 15W, usizidi hapo. Springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kuongeza uzito kidogo kunaruhusiwa, lakini uongeze kwa ajili ya kurudi, si kwa ajili ya kuzama. Tena hizo herufi na namba zisikutie imani kupita kiasi: 10W ya kampuni moja inaweza kuwa sawa na 15W ya nyingine. Kipimo cha kuaminika ni mnato kwa sentistoki kwenye nyuzijoto 40, nao huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya oili husika. Ukitaka ya katikati, changanya 10W na 15W za kampuni moja na aina moja. Oili ya injini achana nayo. Ile ya 20W-50 ina mnato mara tatu au zaidi ya oili ya shokapu ya 10W.

Kiasi ndipo wengi wanapokosea. Kitabu cha pikipiki hutoa mililita, lakini mililita hizo zinadhani mguu ulikuwa mkavu kabisa. Ukimwaga tu bila kufungua kila kitu, oili fulani inabaki imeganda kwenye kuta na chini ya fimbo, ukijaza kiasi cha kitabu unazidisha. Pima kimo. Springi ikiwa nje na bomba la kromu limesukumwa mpaka mwisho, pima kutoka mdomo wa juu wa bomba hadi uso wa oili. Kitabu kikitaja kimo, fuata hicho. Nafasi hii ya hewa nayo ni springi. Chukulia ni milimita 150: shokapu ikiwa imenyooka hewa ina kama 270, ikibanwa yote inabaki 150, imeminywa karibu mara 1.8. Punguza nafasi iwe 130 na itaminywa zaidi ya mara 1.9. Mwanzo wa mwendo hutahisi tofauti, mwisho utaihisi. Kwa hiyo ukishaweka springi sahihi na bado unagusa chini mara mojamoja, ongeza oili kwa hatua ya milimita 5 au 10, usiguse springi. Usijaze ovyo, shinikizo likizidi sili hutoka mahali pake.

Kazi yenyewe. Simamisha pikipiki kwa jeki chini ya injini, gurudumu la mbele hewani, na uhakikishe haiyumbi. Kabla hujatoa mguu wowote, weka alama mahali bomba linapokaa kwenye kishikio cha juu, legeza kishikio cha juu peke yake, kisha legeza kifuniko cha bomba nusu mzunguko mguu ukiwa bado umebanwa na kishikio cha chini. Ukiusahau huu mpangilio utakuja kushika bomba la kromu kwa praisi, na mkwaruzo mmoja unaoonekana kwa kucha ndio utakaokula sili mpya. Kalipa ya breki ining'inize kwa waya, isining'inie kwa mpira wake wa breki.

Mguu ukiwa mezani, fungua kifuniko ukikikandamiza kwa kiganja, uso ukiwa pembeni. Pale ndani kuna springi iliyobanwa, nyuzi za mwisho zikiachia kifuniko kinaruka. Toa kipande cha bomba, washa na springi kwa mpangilio wake. Pindua mguu juu ya ndoo, upampu polepole mpaka isitoke tena. Oili ya kijivu yenye kung'aa na harufu kama ya samaki isikushtue, ni chembe za chuma na bushi pamoja na uzee. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ndivyo vya kukutia wasiwasi. Kama sili zinavuja, huu ndio wakati wa kuzibadilisha; bolti ya chini inayoshika fimbo ilegeze kabla springi haijatoka, kwa sababu springi ndiyo inayozuia fimbo isizunguke nayo. Washa yake ya shaba iwe mpya.

Jaza oili chini kidogo ya kiwango unachotaka, pampu bomba taratibu mara kadhaa mpaka ukinzani uwe sawa mwendo mzima, acha mguu umesimama wima mapovu yapande. Kisha pima na uongeze. Bomba la sindano lenye mrija mwembamba uliowekewa alama ya milimita linarahisisha: zamisha mrija hadi alama, vuta oili inayozidi, na miguu yote miwili inatoka sawa. Ingiza springi mpya. Ikiwa ni fupi kuliko ya zamani, kata kipande cha bomba la plastiki gumu ili springi, washa na kipande kwa pamoja vitokeze juu kiasi kwamba kifuniko kikifungwa kitabana ile 15. Kata kwa msumeno, sugua mdomo uwe sawa kabisa. Ukikaa mshazari springi itasugua ukuta.

Wakati wa kurudisha, watu wanakimbilia kumaliza na kuharibu yote. Ingiza ekseli, kaza nati yake, lakini bolti inayobana ekseli kwenye mguu iache imelegea. Shusha pikipiki, shika breki, ikandamize mbele mara kadhaa. Mguu ule utateleza juu ya ekseli mpaka ukae unapotaka kukaa. Hapo ndipo ukaze, kwa vipimo vya kitabu. Ukikaza mapema miguu inavutana, na utanirudia ukisema springi mpya ni ngumu mno. Na kabla ya kupanda, pampu breki mpaka iwe na mshiko.

Mguu mmoja je? Inawezekana zaidi ya watu wanavyodhani. Ekseli na vishikio vinaifunga miguu pamoja, gurudumu linahisi jumla tu, na mafundi wa mashindano huweka kwa makusudi 0.80 upande mmoja na 0.85 upande wa pili wakitaka ya katikati. Kwa hiyo kama umepata 0.75 moja na 0.80 moja, weka, jumla ni 1.55. Lakini kuacha 0.60 kushoto na kutafuta 0.90 kulia ili tu ifike 1.50, kwa mabomba membamba ya cc 150, sikushauri. Yanapinda kidogo kwenye breki na tofauti hiyo utaihisi kwenye usukani. Subiri upate ya pili.