Re: Mpunga umechanua vizuri, masuke ni mapepe matupu

Ndugu, umeuliza kwa nini baadhi ya mpunga wako hauna punje. Kabla ya kulaumu jeni (kipande cha urithi), angalia kumbukumbu za joto. Baridi wakati mpunga una mimba (suke bado limo ndani ya shina) huua chavua, na mimea yote huathirika. Kwa kuwa unasema ni robo tu ya mimea ya F2 (kizazi cha pili baada ya kuchanganya aina mbili), mimi ningeshuku jeni moja fifi (kasoro huonekana tu mmea ukirithi nakala mbovu kutoka pande zote mbili), kwa mfano TDR au UDT1: ikiharibika, tapeto, yaani utando wa ndani ya chavulio unaolisha chavua, huvurugika.

Ponda chavulio (kifuko cha chavua) lililokomaa ila halijapasuka kwenye tone la ayodini, tazama kwa hadubini. Chavua nzima huwa nyeusi tii. Mbovu hubaki njano, zimesinyaa. Kisha wekea mmea tasa chavua ya mzima. Ukitoa punje, upande wa kike hauna kasoro.

Usiung'oe mmea huo tasa! Kata mashina yachipue tena, na utunze mbegu za ndugu zake. Kutambua jeni yenyewe, mwachie mtaalamu wa maabara.