Kabla Hamjabonyeza Kitufe: Kwa Mnaoanza Kuhamisha Mikanda ya Familia

Juma hili nimemwona kijana tunayefanya naye kazi akisukuma kaseti ya VHS ndani ya deki bila hata kuigeuza autazame mgongo wake, nikamshika mkono. Nawaandikia ninyi mnaoanza kuhamisha mikanda ya zamani kwenda kwenye kompyuta kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nimechoka kuliona kosa lile lile.

1. Vunjeni kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwa kaseti, maana kikishavunjika deki haikubali kurekodi. Mimi miaka yangu ya mwanzo sikukivunja. Mama mmoja aliniletea mkanda wa harusi yake, nakala pekee, ambamo marehemu mama yake anasimama na kumwombea dua. Nilikuwa nimeutafuta mwanzo wa dua hiyo ili nipime mwangaza wa picha, na nilipotaka kuanza kunasa, macho yakiwa kwenye kompyuta, kidole kikaenda kwenye kitufe cha kurekodi cha deki badala ya kile cha programu. Skrini ikageuka buluu. Nikadhani kebo ya S-Video, ile ya kupeleka picha kwenye kompyuta, imelegea, nikaichomoa, nikakagua pini zake, nikaichomeka tena, na muda wote huo mkanda ulikuwa unakwenda. Nilipong'amua, sekunde 40 zilikwisha kufutika, na kipande kingine kilikuwa kimekwenda nazo, kwa kuwa kichwa cha kufutia hukaa kabla ya ngoma ya vichwa, yaani silinda inayozunguka yenye vichwa vya kusoma na kurekodi picha, na hufuta sehemu ambayo bado haijaifikia ngoma. Bibi yule anaonekana akiinuka, anauweka sawa mtandio wake, anafungua kinywa. Kisha hakuna kitu, kisha watu wanapiga makofi. Nilimpigia simu mwenye mkanda jioni ile ile. Alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama angeweza kupata japo sauti. Sauti nayo ilikuwa imefutika.

2. Mkiona nyuzi nyeupe kwenye kingo za mkanda, hiyo ni kuvu: msiucheze, kwani itahamia kwenye vichwa na kuingia katika kaseti ya mteja mwingine.

3. Mkanda wa PAL, mfumo mmojawapo wa video, una mistari 625 na fremu 25 kwa sekunde, na mistari hiyo imerekodiwa kwa zamu, nusu moja kisha nusu nyingine. Iacheni hivyo katika faili mama, ikiwezekana kwa FFV1, namna ya kubana video bila kupoteza ubora, na kuiunganisha kufanyike kwenye nakala ya kutazama tu. MiniDV, ile kaseti ndogo ya kamera, ni dijitali tayari, basi vuteni data yake kwa kebo ya FireWire, takriban GB 13 kwa saa moja.

4. Filamu ya Super 8, ile ya nyumbani yenye upana wa mm 8 iliyoanza mwaka 1965, inuseni kwanza. Ikitoa harufu ya siki, ujue inaoza na imeanza kusinyaa, na mashimo yake hayalingani tena na meno ya projekta. Nimewahi kusikia meno hayo yakitatua filamu ya mtoto anayejifunza kutembea, mlio mdogo kama wa karatasi inayochanwa, na tangu siku hiyo filamu ya namna hiyo naipitisha kwenye skana isiyo na meno.

Kijana yule ameshavunja vipande vya kaseti zote 14 zilizokuwa mezani. Ameviweka kwenye kikombe kando ya deki, na kesho asubuhi tunaanza na kaseti ya kwanza.