Kabla hujanunua bango la zamani la rali, lijue gari

Ukitaka bango la zamani la mbio za magari, anza na gari lenyewe, karatasi utaikagua baadaye. Hapa Tanga mabango ya Safari Rally yanaulizwa sana siku hizi, na wauzaji wameshalijua hilo. Karatasi yoyote yenye Datsun nyekundu na vumbi nyuma inapewa bei ya dhahabu.

Ninalolipenda kuliko yote nimelitundika chumba cha mbele, nyumbani Ngamiani. Ni Datsun 240Z nyekundu, namba 11 ubavuni, boneti nyeusi isiyong'aa ili mwanga wa jua usimrudie dereva machoni. Ukilisogelea unaona tope limeruka hadi kwenye kioo cha mlango. Tope hilo si pambo la mchoraji: rali ilikuwa ikikimbizwa Pasaka, na Pasaka kwetu ni masika. Kwa gari hilo Edgar Herrmann na msoma ramani wake, Hans Schüller, walishinda East African Safari ya 1971. Nafasi ya pili ilichukuliwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Injini ya 240Z ni ya silinda sita za mstari mmoja, cc 2,393. Kulitazama tu nafurahi mpaka leo.

Sasa ujuzi huo utumie sokoni. Mwaka 1972 ushindi ulikwenda kwa Hannu Mikkola na Ford Escort. Mwaka 1973 Mehta aliurudisha kwa 240Z, tena kwa jasho, maana alilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine. Kwa hiyo ukioneshwa 240Z iliyoandikwa "mshindi wa 1972", aga uondoke. Joginder Singh wa Kenya alishinda 1965 kwa Volvo PV544, halafu 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Jina la mashindano nalo linasema kitu. Yalianza 1953 kama Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Toka 1960 yakaitwa East African Safari, na baada ya 1974 yakachukua jina la Safari Rally. Usihukumu kwa jina tu, kwa sababu kampuni za magari kwenye matangazo yao ziliandika zilivyopenda. Lakini Coronation Safari yenye gari la miaka ya sabini imetengenezwa juzi kwenye kompyuta.

Na wazee waulizwe. Niliwahi kumpelekea mzee mmoja fundi gereji bango ambalo muuzaji aliapa ni la 240Z.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete nione." Akalitazama kwa mbali, hata miwani hakuvaa. "Hii ina milango minne. Z ina miwili. Hii ni Datsun 1600 SSS, ndiyo iliyoshinda mwaka wa nyuma yake, sabini. Dereva huyohuyo Herrmann."

Nikalinunua kwa furaha zaidi, maana sasa nilijua ninachonunua.

Karatasi yenyewe ikague kwa kioo cha kukuzia. Chapa za kiwandani za enzi zile huonesha vitone vya rangi vilivyopangika, vikizunguka kama ua. Printa ya wino ya siku hizi hutawanya vitone ovyo, kama vimerushwa kwa brashi. Mikunjo isikutie hofu, mabango mengi yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa.

Adui mkubwa ni pwani yetu. Hewa ina unyevu na chumvi, na karatasi hunywa vyote viwili. Tafadhali sana, usilipeleke kwenye laminesheni! Najua ndivyo tunavyofanya na vyeti, lakini ile plastiki hushikwa kwa moto na gundi, na haibanduki bila kuchukua rangi. Selotepu nayo iache, huwa ya njano na kuchoma karatasi. Mwambie fundi fremu aweke vipande vyembamba pembeni ili kioo kisigusane na karatasi. Vikigusana, masika yakiingia vinagandana. Nyuma asiweke plaiwudi tupu, atangulize kadibodi isiyo na asidi. Nyumba za zamani za mawe na chokaa hutoa unyevu ukutani, kwa hiyo tundika ukuta wa ndani, fremu ikiwa imeachana na ukuta kidogo kwa vipande vya kizibo, mbali na dirisha la jua la jioni. Kila mara kaskazi inapokatika mimi huishusha na kutazama nyuma kama kuna ukungu au njia ya mchwa.

Ukilisafirisha, usilikunje upya. Liviringishe, picha ikiwa nje, lifunike karatasi safi, kisha litie kwenye kipande cha bomba pana la plastiki na uzibe ncha zote mbili. Kwenye basi la Dar lishike mwenyewe mkononi. Kwenye buti kuna machungwa ya Muheza na ndoo za samaki wa barafu, na maji ya barafu hutafuta njia popote.