Macho Yaweke Mwenyewe

Juzi kijana mmoja wa hapa Dodoma alinitumia picha ya dada yake aliyoigeuza iwe kama ya gemu za zamani. Chini yake akaandika: "Kaka, mbona anaonekana kama mgonjwa?" Swali hilo mimi niliulizwa mbele za watu.

Miaka miwili nyuma nilichukua kazi ya harusi. Nikaziingiza picha kwenye programu, nikabonyeza, zikatoka nukta nukta, nikazirusha hivyohivyo. Mwenye harusi akaandika kwenye grupu la kamati: "Fundi ameniharibia picha." Hela niliirudisha. Neno lile bado linaniuma, sitaficha.

Wiki iliyopita nimekabidhi picha ya mzee aliyesimama kwenye shamba lake la zabibu kule Hombolo. Upana pikseli 64, yaani vile vinukta vinavyounda picha, na rangi 16 tu. Binti yake aliishika kwa mikono miwili akasema, "Huyu ni baba kabisa." Nilitembea hadi Majengo bila kuhisi jua.

Kilichobadilika ni kwamba siku hizi nachagua. Kwenye mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, kipande kimoja cha mhusika, pikseli 8 kwa 8, kilibeba rangi tatu tu. Mchoraji alilazimika kuamua nini kibaki. Programu haiamui, inachanganya rangi za jirani na kutoa wastani. Jicho la mzee lilikuwa limemezwa na kivuli cha kofia, likabaki kahawia sawa na shavu. Nikaweka pikseli mbili nyeusi, na moja nyeupe ubavuni. Hapo hapo akanitazama.

Kwa hiyo kata picha ibaki sura, kaza mwanga na kivuli, ndipo uipunguze. GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure na inatosha. Zima ulainishaji, kule kuchanganya rangi za jirani, unapopunguza na unapokuza, na kuza kwa namba kamili, mara 8 au mara 10. Hifadhi kwa PNG, aina ya faili isiyoharibu nukta. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, la sivyo kingo zinachafuka. Kisha rudi kwenye macho, pikseli moja moja. Vijana wenzangu, tunapenda mno kubonyeza! Mteja anakuletea sura ya mzazi wake, nawe unamwachia kompyuta? Kaa nayo, hata saa mbili.

Yule kijana nimemrudishia picha ya dada yake. Kivuli nimekisafisha, midomo nimeirekebisha. Macho nimeyaacha tupu.