Maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi unyayoni

Dada, umeuliza mbona maumivu yako ya kiuno hayasikii Panadol. Yanayoshuka mguuni hadi unyayoni yakichoma kama umeme, huenda ni neva, yaani mshipa wa fahamu, iliyobanwa. Misuli iliyochoshwa na marobota ya mitumba ya soko la Gikomba huuma palepale unapobonyeza, na hupoa kwa kukandwa na maji ya moto na siku chache za kazi nyepesi. Neva huchukua wiki kadhaa kupoa. Usishinde kitandani, tembea kidogo kidogo, lala kwa ubavu na mto katikati ya magoti. Nakusihi, usichanganye dawa za maumivu za kemisti, Brufen na diclofenac, ni jamii moja na huumiza tumbo na figo. Ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukikataa au ukijitokea wenyewe, au mguu ukilegea, kimbia Hospitali ya Kenyatta usiku huohuo.