Fundi, tuanze na kochi au kitanda?

*Safu ya Ulizia Fundi. Anajibu seremala wa siku nyingi wa Keko, Dar es Salaam.*

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi, naolewa mwezi wa nane. Tumepata chumba na sebule Mbagala. Chumba ni futi 10 kwa 10, sebule ni ndogo zaidi kidogo. Kodi tumeshalipa ya miezi sita, na kwa vitu vya ndani tumebakiwa na shilingi 1,400,000. Mchumba wangu anataka tuanze na seti ya makochi ya kona, maana ndugu wa pande zote watakuja kututembelea, kisha kitanda tukope. Mimi moyo unasita. Tuanze na nini?
*Bibi harusi mtarajiwa, Mbagala*

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mchumba wako mpe salamu zangu, umwambie fundi amekataa.

Ndugu watakuja mara mbili tatu, wale pilau, wapige picha, waondoke. Kitanda mnalalia kila siku, na wewe una zamu za usiku, usingizi wako ni wa mchana kweupe, joto la Mbagala na kelele za bodaboda juu. Ukikosa godoro la maana, mgongo utakudai kabla hata mkopo haujakudai. Na huo mkopo wenyewe, kama ni wa kausha damu, ile ya riba kubwa ya kila wiki, mnaingia kwenye ndoa mkiwa na mtu wa tatu anayepiga hodi kila Ijumaa. Nunueni kitanda na godoro kwa fedha taslimu, hata vikila zaidi ya nusu ya hizo mlizonazo.

Kabla ya kufika Keko, pima. Chukua futi kamba, pima chumba, pima na mlango, kisha chora kitanda sakafuni kwa chaki. Najua mnatamani 6 kwa 6, kila maharusi wanaitamani. Lakini hicho ni kipimo cha godoro. Fremu inaongeza inchi kadhaa kila upande, na ubao wa kichwani una unene wake. Kwenye futi 10 utabaki na futi tatu na kitu, hapo kabati halijaingia na milango yake haijafunguliwa. Chukueni 5 kwa 6, mtapata pa kupita bila kugonga ugoko gizani. Angalia na chandarua: fundi akuwekee nguzo nne, au mwenye nyumba akuruhusu kutoboa dari. Watu husahau hilo, wakaja kufunga kamba kwenye misumari ya kalenda.

Sasa mbao. Mninga na mkongo ni mbao za kuachia wajukuu, na bei yake inajua hivyo. Mtiki ni mzuri pia. Paini, ile inayotoka Sao Hill kule Mufindi, ni laini na nyepesi, lakini ikiwa imekauka vizuri na imepigwa dawa ya wadudu, kitanda chake kitakutunza miaka. Paini haina kosa. Kosa ni kuuziwa paini iliyopakwa rangi ya mninga kwa bei ya mninga. Usiangalie kichwani, kule ndiko fundi alikomaliza vanishi yote. Inama, tazama chini ya fremu na nyuma ya ubao, mahali ambapo brashi haikufika. Pakiwa peupe wakati juu ni pekundu, umeshajibiwa. Hata mninga wenyewe una sehemu nyeupe ya pembeni, iliyokuwa karibu na gome. Hapo ndipo wadudu huanzia. Ukiona vitundu vidogo na unga unadondoka, shukuru, ondoka.

Halafu chaga. Mteja atazunguka kitanda akisifia maua yaliyochongwa, chaga hazitazami. Nazo ndizo zinazobeba godoro. Ziwe nene, zisiachane sana, na katikati kuwe na mhimili wenye mguu unaogusa sakafu. Chaga za mabanzi zikilegea, godoro la bei yoyote litabonyea katikati.

Kwa kuwa mmepanga, mtahama. Agiza kitanda cha kufungwa kwa boliti, si cha misumari na gundi pekee, kiingie kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, vipande vipande. Godoro litafute lenye alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Lisimamie kwa goti, kisha toa goti: sponji nzuri hurudi hapo hapo, mbovu hubaki na shimo la goti lako.

Ukiagiza kwa fundi, usilipe yote. Toa nusu, na mwambie utakuja kukiona kabla hajapiga vanishi. Sisitiza hapo. Nyufa na viungio vilivyoachana hujazwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, na vanishi ikishapita juu hata mimi itabidi nivae miwani. Fundi mkweli hakatai kuonyesha mbao tupu. Anayekujibu "njoo kikiwa tayari tu, dada" mwachie kazi yake.

Nguo ziwekeni kwenye kabati, lakini yale makabati ya mbao za kubandika, za unga wa mbao, yaogopeni ikiwa hayana miguu. Hapa tunapiga deki kila asubuhi. Maji yananyonywa chini, ubao unavimba, mlango unagoma kufunga. Kwa sasa hata lile la vyuma na kitambaa linatosha, likunjeni siku ya kuhama.

Sebuleni wekeni mkeka mzuri, mito mikubwa miwili, viti vya plastiki vinne na stuli ya kuwekea chai. Sisi watu wa Pwani tumewaketisha wakwe mkekani tangu zamani na ndoa zikadumu. Fedha zikirudi mikononi, anzeni na kochi la watu wawili, na kabla ya kulipa lipindueni muone mbao zilizojificha chini ya kitambaa. Meza ya chakula msiiwaze mwaka huu.

Swali: Nimepata kitanda cha mninga cha mtumba kwa bei ya kutupa, ila jirani ananiambia kina kunguni. Nikiache?
*Msela wa geto, Buguruni*

Jibu: Usikiache, ila kisilale ndani hata usiku mmoja kabla hujakishughulikia. Kifungue chote uani. Kunguni hukaa kwenye matundu ya boliti, viungio na ncha za chaga, ndipo utaona vidoti vyeusi. Mimina maji yanayochemka kwenye kila ufa na kila tundu, rudia baada ya wiki, maana mayai hujificha. Kukianika tu juani hakutoshi, ubao ni mnene, joto halifiki ndani. Mafuta ya taa usiyaguse, utaunguza nyumba ya watu. Vanishi itafifia kwa maji ya moto, kwa hiyo piga msasa kikishakauka kabisa, upake upya. Na ukipewa na godoro lake la bure, likatae.