Kaunta ya biti 64 inayoangusha programu kwenye ARM

Swali: Programu yangu ya C ina nyuzi kadhaa zinazoongeza kaunta moja ya biti 64 kwa njia ya atomiki, yaani bila uzi mwingine kuweza kuona hatua ya katikati. Kaunta hiyo imo ndani ya muundo niliouwekea `packed`, baada ya sehemu ya biti 32. Kwenye x86-64 imefanya kazi kwa miezi, lakini kwenye bodi ya ARM ya biti 64 inakufa papo hapo kwa SIGBUS, ishara ya mfumo ya kosa la kufikia kumbukumbu. Je, bodi ni mbovu?

Jibu: Bodi yako ni nzima. Kwa kuwa `packed` huikataza kompaila kuacha nafasi, kaunta inaanzia baiti ya 4 ya muundo, kwa hiyo muundo ukiwa kwenye anwani inayogawanyika kwa 8, anwani ya kaunta yenyewe haigawanyiki kwa 8. ARMv8 husoma data ya kawaida mahali kama hapo bila kulalamika, ila amri za atomiki, yaani LDXR, STXR na LDADD, hudai anwani inayogawanyika kwa ukubwa wa data, na zikiikosa hutokea hitilafu ambayo Linux huigeuza kuwa SIGBUS. ARMv8.4 imelegeza sharti hilo kidogo, lakini kutegemea ulegezaji huo ni kujifunga na chipu chache.

Linalonitia shaka zaidi ni ukimya wa x86. Tangu familia ya P6, Intel huahidi kwamba usomaji usiolingana, yaani wa anwani isiyogawanyika kwa ukubwa wa data, hubaki atomiki mradi data yote iwe ndani ya mstari mmoja wa kache (kumbukumbu ya haraka ya prosesa), ambao siku hizi ni baiti 64. Kaunta ikianzia baiti ya 60, nusu yake huangukia mstari wa pili, na usomaji wa kawaida waweza kukurudishia nusu ya thamani ya zamani na nusu ya mpya. Amri yenye LOCK, kiambishi cha x86 kinachoifanya iwe ya atomiki, itatoa jibu sahihi, lakini kwa kufunga basi nzima huku viini vingine vikisubiri. Linux, tangu toleo la 5.7, huandika onyo kuhusu hali hiyo kwenye prosesa zinazoweza kuitambua, kwa hiyo kagua dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kernel.

Ondoa `packed`, kisha itangaze kaunta kuwa `_Atomic uint64_t` katika muundo wa kawaida. Ikiwa uliweka `packed` kwa sababu data inatoka kwenye mtandao, acha muundo huo ubaki wa kupokelea tu, na uhamishe thamani kwa memcpy, kazi ya C ya kunakili baiti, ambayo kwa baiti 8 kompaila huigeuza kuwa amri moja au mbili. GCC tangu toleo la 9 huonya anwani ya sehemu ya `packed` inapokabidhiwa kielekezi cha kawaida. Huenda onyo hilo ulilipita.